Namna ya kuwa muwazi kwa mawakala kuhusu mipango na tarehe za bidhaa

Wakala anayenunua bidhaa kwako na kumuuzia mteja wake hubeba jina lako mbele ya mtu usiyemjua. Akimwambia mteja kwamba toleo jipya linakuja mwezi wa tisa, mteja anaichukua hiyo kuwa ahadi ya kampuni. Mwezi wa tisa ukipita kimya, anayepigiwa simu ni wakala, na anayepoteza mauzo ya mwaka unaofuata ni wakala pia.

Kwa nilivyoona, mawakala wengi huvumilia ucheleweshaji. Wanajua kutengeneza kitu ni kazi. Wasichovumilia ni kuwa wa mwisho kujua: kusikia kwa mteja, au kwa mshindani, jambo ambalo kampuni ililijua wiki nyingi zilizopita. Kwa hiyo mwongozo huu hauhimizi kampuni imwage kila siri yake mezani. Unasimama juu ya kanuni mbili. Kila tarehe unayompa wakala iambatane na kiwango chake cha uhakika, na ikibadilika, yeye awe wa kwanza kujua nje ya kampuni.

Hatua ya 1: Jua wakala anaamua nini, na lini

Kabla hujaandaa ratiba yoyote, zungumza na mawakala wachache wa aina tofauti: mkubwa anayejaza ghala, mdogo anayeagiza mteja akishalipa, na yule anayeuza pamoja na ufungaji na matengenezo. Waulize swali moja. Ni uamuzi gani unaoufanya leo ambao ungeufanya tofauti kama ungejua tutakachotoa au tutakachokifuta mwaka huu?

Utasikia mambo kama kuagiza mzigo, kujaza zabuni, kupeleka mafundi mafunzoni, kulipia matangazo, na kusaini na mteja mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu. Kila kimoja kina muda wake. Taarifa ya wiki mbili inamtosha anayeuza leseni za programu. Kwa anayeagiza mzigo unaokaa baharini mwezi mzima, taarifa hiyo haina kazi.

Chukua mfano wa hesabu rahisi. Wakala ana vifaa 300 ghalani na huuza 50 kwa mwezi, yaani ana mzigo wa miezi sita. Leo anaagiza vingine 200. Wewe unajua kwamba kifaa kipya kitaingia sokoni baada ya miezi minne, na humwambii. Siku kifaa kipya kinapotoka, atakuwa ameuza 200 na kubakiwa na 300 vya zamani ambavyo kila mteja anataka apunguziwe bei. Kama angejua kabla ya kuagiza, angebakiwa na 100, navyo angeweza kuvimaliza kwa punguzo dogo. Tofauti ya vifaa 200 vilivyododa ni mtaji wake uliolala, na mara nyingi ni mtaji wa mkopo. Ukishaiona hesabu hii kwa wakala mmoja, utajua taarifa yako inapaswa kutangulia kwa miezi mingapi. Kipimo ni muda wa mzigo wake kuisha, ukiongeza muda wa oda kumfikia.

Andika muda huo kwa kila kundi la mawakala. Ndio utakaoongoza hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Igawe mipango kwa kiwango cha uhakika

Kosa linalowaangusha wengi ni kuweka mambo yote kwenye slaidi moja, kwa herufi za ukubwa uleule. Kitu kilichokwisha kufanyiwa majaribio kinakaa sambamba na wazo ambalo mhandisi mmoja alilitaja kikaoni, na wakala hana namna ya kuvitofautisha. Tumia makundi matatu tu.

*Imethibitishwa.* Bidhaa imekamilika au imebakiza kazi inayojulikana. Hapa unatoa tarehe ya siku, na wakala anaruhusiwa kuiandika kwenye profoma.

*Tunalenga.* Kazi inaendelea na watu wamepangwa, lakini kuna jambo linaloweza kuisogeza. Hapa unataja robo ya mwaka, hutaji siku. Na unalitaja jambo lenyewe: kibali cha mamlaka, kipuri cha msambazaji mmoja, au majaribio ambayo hayajaisha. Watu wengi huiruka sehemu hii, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko tarehe. Wakala anayejua kwamba kikwazo ni kibali atajua pia cha kuuliza mwezi ujao.

*Tunachunguza.* Hakuna tarehe, hata ya kukisia. Ukisema "labda mwakani", kwenye simu ya pili litakuwa "mwakani" na kwenye ya tatu litakuwa na mwezi.

Bainisha nani mwenye mamlaka ya kuhamisha kitu kutoka kundi moja kwenda jingine. Awe mtu mmoja, kwa kawaida meneja wa bidhaa, baada ya kukubaliana na uhandisi. Meneja wa mauzo asiwe na uwezo huo, kwa sababu mwisho wa robo atashawishika kuutumia.

Ahadi ni deni, hata kwa kampuni kubwa. Septemba 2017 Apple ilionyesha hadharani AirPower, kibao cha kuchajia vifaa vitatu kwa pamoja, ikasema kingetoka 2018. Machi 2019 ikakifuta kwa maelezo kwamba hakikufikia viwango vyake. Kampuni yenye nguvu hiyo inamudu pigo la namna hiyo. Wakala aliyekwisha kuwaambia wateja wake wasubiri hana kinga kama hiyo.

Amua pia mapema: kukiwa na mgongano, utashikilia tarehe au utashikilia yaliyomo? Waeleze mawakala jibu. Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, ni mfano mzuri wa walioamua kushikilia tarehe. Matoleo yake hutoka Aprili na Oktoba, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi wenyewe, kwa mfano 24.04. Kipengele kisipokuwa tayari kinangoja toleo linalofuata. Toleo la Aprili 2006 liliahirishwa kwa wiki sita ili likae vizuri zaidi. Uamuzi ulitangazwa kabla Aprili haijafika, na namba yenyewe ikabadilishwa kuwa 6.06, ili jina lisidanganye. Mfumo wa namna hiyo humpa wakala kitu cha kupangia, hata kama hajui kila kitakachomo ndani.

Hatua ya 3: Panga nani ajue nini, na wote wajue siku moja

Hofu ya kampuni hapa ina msingi. Osborne 1, kompyuta ya kubebeka iliyotoka 1981, iliuzika sana. Mwaka 1983 kampuni ilianza kuzungumzia mashine zake zijazo kabla hazijawa tayari kuuzwa. Wauzaji wakasitisha oda za ile iliyokuwepo, na Septemba ya mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema sababu zilikuwa nyingi, ushindani ukiwemo, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo funzo la biashara linabaki palepale: habari ya kesho inaweza kuua mauzo ya leo.

Jibu ni kuchagua nani anapata nini. Kunyamaza hakutibu hofu hiyo. Weka mawakala katika ngazi mbili, wala si zaidi. Wenye mkataba wa usiri uliosainiwa wapate makundi yote matatu. Wasiousaini wapate yaliyothibitishwa tu. Mkataba wenyewe uwe mfupi na useme wazi ni nini hakisemwi kwa mteja, kwa muda gani, na kitu kipi kinaweza kusemwa. Mkataba unaokataza kila kitu huvunjwa na kila mtu, kwa sababu wakala hawezi kuuza akiwa bubu.

Kisha shika kanuni hii bila kulegeza: walio ngazi moja wanapata taarifa ileile siku ileile. Siri anayodokezewa wakala mkubwa kwenye chakula cha jioni humfikia mdogo haraka kuliko unavyodhani, na ikimfikia, kila taarifa yako inayofuata ataisoma kwa shaka. Hili linazidi uzito kama kampuni nayo huuza moja kwa moja kwa wateja. Wauzaji wako wa ndani wasiwe na habari ambayo mawakala wa ngazi ya kwanza hawana, la sivyo unashindana na wenzako huku umewafunga macho.

Kabla ya kutuma chochote, pitia mambo mawili na mhasibu na mwanasheria. Kwanza, chini ya kiwango cha uhasibu cha IFRS 15, kinachotumika tangu 2018, ahadi ya toleo mahususi la baadaye inayotolewa wakati wa mauzo inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kilicholipiwa. Hapo sehemu ya mapato hungoja mpaka toleo litoke. Ndiyo maana maneno "tunalenga" na "tutatoa" hayalingani hata kidogo. Pili, kama kampuni imeorodheshwa kwenye soko la hisa, mpango mkubwa ambao haujatangazwa unaweza kuwa habari inayogusa bei ya hisa. Wakala aelezwe hilo kabla ya kupewa.

Hatua ya 4: Weka siku ya kudumu ya kuzungumza

Kikao kimoja kila robo mwaka kinatosha, pamoja na ukurasa mmoja wa maandishi kila mwezi. Ukurasa huo uonyeshe kilichobadilika tangu mwezi uliopita, maana hakuna wakala mwenye muda wa kulinganisha faili mbili mstari kwa mstari. Tumia nusu ya kikao kusikiliza. Na meneja wa bidhaa awepo mwenyewe, asitume mtu wa mauzo kujibu maswali ya uhandisi.

Hatua ya 5: Tarehe ikiteleza, sema kabla hujawa na majibu yote

Hapa ndipo uwazi hupimwa, na ndipo kampuni nyingi hufeli. Mara chache huwa ni kwa uongo. Uhandisi unajua Jumatatu kwamba robo ya tatu haiwezekani. Meneja anasema tungoje tupate tarehe mpya ndipo tuwaambie. Tarehe mpya inachukua wiki tano kupatikana. Katika wiki hizo tano mawakala wanaandika profoma, wanapokea malipo ya awali na kujaza zabuni zenye faini ya kuchelewa. Kila siku ya kungoja jibu kamili inaongeza idadi ya ahadi ambazo mtu mwingine ataziomba radhi kwa niaba yako.

Jiwekee kikomo. Tarehe ya kitu kilicho chini ya "imethibitishwa" ikitiliwa shaka, mawakala waambiwe ndani ya siku mbili za kazi. Cha "tunalenga" kipewe siku tano. Kikomo kikifika na hujui tarehe mpya, tuma taarifa isiyo na tarehe mpya. Inaweza kusomeka hivi:

> Ndugu mawakala,
>
> Toleo la 5, tulilolenga kulitoa robo ya tatu, halitatoka robo hiyo. Majaribio ya wiki iliyopita yameonyesha kwamba betri hupata joto kupita kiwango tunapochaji huku kifaa kikitumika. Tunabadilisha saketi ya kuchajia.
>
> Bado hatuna tarehe mpya. Tutawaandikia tena tarehe 14, hata kama hatutakuwa na jipya la kusema.
>
> Oda zilizokwisha kuwekwa zinaweza kufutwa bila gharama, au kuhamishiwa Toleo la 4 kwa bei tuliyokubaliana. Toleo la 4 litaendelea kutengenezwa mpaka Toleo la 5 litoke.
>
> Mteja mnaweza kumwambia haya: "Toleo la 5 limeahirishwa kwa ajili ya marekebisho ya usalama wa kuchaji. Kampuni itatoa taarifa nyingine kabla ya mwisho wa mwezi." Sababu ya kiufundi kwa kina ibaki kati yetu.
>
> Zabuni yoyote yenye Toleo la 5 ndani yake, tujulisheni kabla ya Ijumaa. Tutaandika barua ya kuthibitisha kwamba ucheleweshaji umetoka kwetu.

Tazama kila aya inafanya nini. Ya kwanza inasema kilichotokea na sababu yake, bila maneno ya kuficha kama "changamoto zisizotarajiwa". Ya pili inamwondolea wakala kazi ya kupiga simu kila siku, na ile "hata kama hatutakuwa na jipya" ndiyo inayojenga imani, mradi tarehe 14 kweli uandike. Ya tatu inagusa fedha. Ya nne inampa maneno ya kusema, kwa sababu asipopewa atatunga yake. Ya tano ni ya wale walio kwenye hatari kubwa zaidi, na barua ya namna hiyo yaweza kumsaidia wakala kujieleza mbele ya aliyempa zabuni.

Usitume taarifa ya namna hii Ijumaa jioni. Tuma asubuhi ya siku ambayo watu wako watakuwepo kupokea simu.

Hatua ya 6: Unapofunga bidhaa, toa tarehe nne

Kusitisha bidhaa huwaumiza mawakala kuliko kuchelewesha mpya, na maandalizi yake huwa haba zaidi. Toa tarehe hizi zote kwa pamoja: siku ya mwisho ya kuweka oda, siku ya mwisho ya kupokea mzigo, mwisho wa marekebisho ya programu, na mwisho wa vipuri na matengenezo.

Huhitaji kubuni muda kutoka hewani. Katika sekta ya elektroniki, kiwango cha J-STD-048 kinataka angalau miezi 6 tangu taarifa mpaka oda ya mwisho, na miezi 12 mpaka usafirishaji wa mwisho. Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao ya kompyuta, kwa kawaida hutoa taarifa ya miezi 6 kabla ya kusitisha mauzo ya kifaa. Microsoft ilipotoa Windows 10 mwaka 2015, ratiba yake ilikwisha kuonyesha Oktoba 2025 kuwa mwisho wa huduma. Wauzaji wa kompyuta walikuwa na miaka kumi ya kuijua siku hiyo.

Usifunge cha zamani hadharani wakati cha kushika nafasi yake hakipo. Februari 2011 Nokia ilitangaza kwamba simu zake kuu zingehamia Windows Phone. Ya kwanza katika hizo, Lumia 800, ilionyeshwa Oktoba. Kwa miezi hiyo yote maduka yaliombwa yauze simu za Symbian, mfumo wa zamani wa Nokia, ambazo kampuni yenyewe ilikwisha kusema hazina kesho, na mauzo yake yakaporomoka.

Taarifa ya kufunga iende na mkono wa msaada. Kubali kurudishiwa sehemu ya mzigo ambao haujafunguliwa, au lipa tofauti ya bei kwa vifaa vilivyo ghalani siku bei iliposhushwa. Weka asilimia na mwisho wa kudai kwenye mkataba mapema, kabla hakijafungwa kitu chochote, maana makubaliano ya wakati wa shida huwa ya kuvutana.

Hatua ya 7: Mdai wakala uwazi wake

Wakala anayetaka ratiba yako akupe ya kwake: mzigo alio nao, kasi ya mauzo, na makadirio ya oda za miezi mitatu ijayo. Bila hayo huwezi kujua taarifa yako ya kufunga bidhaa itamkuta na mzigo wa mwezi mmoja au wa mwaka.

Kuna mpaka hapa. Kama nawe huuza moja kwa moja, wewe na wakala ni washindani katika sehemu hiyo ya soko. Sheria ya ushindani hutazama kwa makini habari mnazopeana, na Umoja wa Ulaya uliligusa suala hili waziwazi katika kanuni 2022/720 iliyoanza Juni 2022. Usiulize bei anazopanga kuwatoza wateja wake, wala usimwamulie bei ya kuuzia. Jumla ya vifaa na muda vinakutosha.

Upande wake, wakala ajiwekee nidhamu. Kilicho chini ya "tunalenga" kisiingie kwenye profoma wala zabuni. Mteja akikililia, aandikiwe kilichopo leo kwa bei ya leo, na njia ya kuhamia toleo jipya ielezwe kwa maneno, pasipo tarehe. Wakala akiona kampuni imenyamaza kupita siku iliyoahidi kuandika, aulize kwa maandishi siku hiyohiyo. Kimya chake kitachukuliwa kuwa ameridhika.

Hatua ya 8: Hifadhi tarehe ya kwanza

Tengeneza jedwali lenye safu nne: bidhaa, tarehe ya kwanza mliyowapa mawakala, tarehe iliyotoka kweli, na siku ambayo mawakala waliambiwa kuhusu mabadiliko. Safu ya pili haifutwi kamwe. Kampuni nyingi huandika tarehe mpya juu ya ya zamani, na baada ya mwaka kila bidhaa inaonekana ilitoka kwa wakati.

Safu ya nne ndiyo ya kuitazama kwanza. Ilinganishe na siku ambayo uhandisi uligundua tatizo. Kama pengo linazidi kikomo ulichojiwekea, tafuta lilipokwama: kwa meneja anayengoja jibu kamili, kwa mwanasheria mwenye rundo la karatasi, au kwa mkurugenzi asiyetaka habari mbaya itoke kabla ya mwisho wa robo. Jedwali hilo lionyeshe mawakala mara moja kwa mwaka, likiwa na mistari yote, hata ile inayokuumbua. Kisha waombe wakuonyeshe mstari mmoja uliowagharimu kuliko mingine, na uanze marekebisho hapo.